Makofi Mawili Mgongoni mwa Boza

Khim Singh alivuta breki ya mkono, akaruka chini, akasukuma jiwe nyuma ya tairi kwa ncha ya kiatu, ndipo akavuta pumzi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya utingo. Boza, lori lile la tangi la maji, likisimama kwenye mwinuko, utingo ndiye anayeruka na jiwe. Likitaka kuondoka, utingo ndiye anayeliokota, maana jiwe lililosahaulika barabarani humwua mwenye pikipiki. Lakini tangu sikukuu ya rangi, Bwana Sah, mwenye boza, alikuwa amemwachisha utingo kazi.

"Una miguu miwili, Khim Singh," alimwambia. "Mmoja wa breki, mmoja wa jiwe."

Pale mtoni, kwenye pampu, mtu wa hoteli alikuwa tayari anangoja na kufuli lake. Boza likajazwa mpaka maji yakagusa mdomo wa tundu la juu. Mfuniko ukarudishwa na kufungwa kwa waya, kwa sababu komeo lake lilikatika mwaka jana na Bwana Sah hajaona haja ya kulitengeneza. Kisha yule mtu akainama nyuma, akatia kufuli kwenye koki, akalitikisa, akalitikisa tena.

"Funguo iko huko juu hotelini," akasema. "Si kwamba hatukuamini, mzee."

"Kwani nimesema kitu?"

"Leo kuna harusi ya watu wa tambarare. Wametundika mabomba juu ya ua mzima. Jioni yanafunguliwa, maji yanadondoka kama mvua, watu wanacheza muziki chini yake. Mvua ya bomba." Akacheka. "Na muziki wao ule, dum dum dum. Maji haya yakichelewa, bwana harusi atacheza mkavu."

Khim Singh hakucheka. Akaokota jiwe lake, akaliweka miguuni, akatia gia.

Alikuwa anafikiria asubuhi ile. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, mkewe Saruli alikuwa amesimama na dumu tupu mkononi, analigonga goti lake polepole.

"Baba Hema, leo ndiyo siku ya mtoto kutolewa aone jua na apewe jina."

"Najua."

"Kasisi anakuja mchana. Kabla hajaja, chumba kisiribwe upya, matandiko yafuliwe, mwanao Hema aogeshwe kichwa mpaka mguu. Tangu ajifungue yuko chumbani mle kama mfungwa. Hagusi chungu, haingii jikoni, ananuka damu na maziwa. Mimi nimsafishe kwa mate?"

"Bomba la mtaa je?"

"Bomba la mtaa halijatoa hata jasho. Na lile gari la maji la manispaa, karani anasema limeharibika. Bi Madhuli kaliona kwa macho yake linanywesha maua kwenye mzunguko wa barabara, eti mkubwa anakuja." Akaliweka dumu chini. "Wewe unanipitishia mto mzima mlangoni kila siku, baba Hema. Nyumba inatikisika mpaka vikombe vinalia."

"Kuna kufuli, mama Hema."

"Kufuli ni chuma. Humu kichochoroni wote wana nyundo."

"Na leseni yangu iko kwenye kizibao cha Bwana Sah. Unalijua hilo."

Analijua. Mtaa mzima unalijua. Leseni ya Khim Singh, yenye ule muhuri wa kuendesha magari makubwa milimani ambao aliungoja mpaka nywele zikaingia mvi, ilikaa katika mfuko wa ndani wa kizibao cha Bwana Sah tangu siku alipoajiriwa. Hivyo ndivyo matajiri wa magari wanavyofanya pale. Dereva hawezi kuhamia kwa tajiri mwingine, na askari hawaulizi leseni, wanauliza gari la nani. Bwana Sah alikuwa na maneno yake ambayo aliyarudia kila mara kwa sauti ya upole: boza likikwaruzika hata rangi, leseni naitia jikoni chai ichemke.

Kutoka mtoni kwenda hoteli za juu njia ni moja tu, nayo inapita Kichochoro cha Wafua Shaba. Kilijengwa kwa ajili ya nyumbu. Boza likiingia mle, unaweza kutoa mkono dirishani ukachukua kikombe kwenye rafu ya mtu. Upande mmoja ni vibaraza vya wafua shaba, upande wa pili ukuta wa mawe, na chini ya ukuta mtaro usio na kifuniko, mpana kama tairi.

Gari hupita mle kwa mikono ya watu. Anayefua sufuria huachia nyundo, huunyoosha mkono wake nje, hukunja kioo cha pembeni cha gari kisigonge nguzo, na gari likishapita hukikunjua tena, na kazi yake haijasimama. Muuza mboga huvuta kikapu ndani kwa mguu. Gari likirudi nyuma, yeyote aliye karibu hulipiga mgongoni kwa kiganja: makofi mawili, njoo, kofi moja, simama. Hakuna aliyewafundisha watu hayo, na hakuna anayelipwa. Dereva wa mle haangalii kioo. Anasikiliza bati.

Khim Singh aliingia akipiga honi fupi. Mzee Dhani Ram, mfua shaba wa kibaraza cha kwanza, alikunja kioo cha kushoto bila kuinua macho. Penye bomba la mtaa, ambapo kichochoro kinapanuka kidogo na magari hupishana, wanawake walikuwa wamepanga madumu yao mstari mmoja mbele ya bomba kavu, wengine wamekaa juu yake.

"Shemeji, tupungie basi," Bi Madhuli akasema. "Hata kama hutupi maji, mkono nao una kufuli?"

"Funguo haiko kwangu, Bi Madhuli."

"Najua. Kwako kuna uzito tu."

Wenzake wakacheka, kicheko kile cha watu wenye midomo mikavu. Khim Singh aliona kuwa Saruli hayumo katika mstari. Alikuwa mlangoni kwake, mbele kidogo, amesimama tu, mikono imevaa bangili mpya za kioo, nyekundu na kijani, alizonunua kwa ajili ya siku ya mjukuu. Boza lilipompita hakumtazama mumewe. Alitazama maji yanayotoka kama jasho kwenye maungio ya bati na kudondoka njiani, tone kwa tone.

Halikufika mbali. Kwenye kona, gari kubwa jeupe la tambarare lilikuwa linashuka, likasimama pua kwa pua na boza. Ndani mlikuwa na kijana mwenye miwani myeusi, mama mmoja mnene, na watoto wanaokula chipsi za pakiti.

Kanuni ya milimani haina mjadala: anayepanda na mzigo harudi nyuma. Anayeshuka ndiye anayempisha. Hata mlevi anaijua. Nyuma ya gari jeupe palikuwa na uwazi wa kutosha mbele ya duka la peremende. Angerudi hatua chache tu.

"Rudi kidogo, mwanangu," Khim Singh akamwita. "Mimi nina mzigo."

"Siwezi kurudi kwenye tundu kama hili," kijana akajibu. "Gari jipya. Rudi wewe, mzee, wewe ndiye umezoea."

"Si suala la kuzoea. Maji yakicheza nyuma, boza halishikiki."

Honi zikaanza. Askari wa barabarani, Lohani, akaja akijifuta jasho kwa kofia. Alitazama kwanza kioo cha mbele cha gari jeupe, palipobandikwa karatasi yenye nembo ya ofisi fulani ya serikali, kisha akamgeukia Khim Singh.

"Rudisha."

"Afande, mimi ninapanda. Nimejaa mpaka juu."

"Nimesema rudisha mpaka pale kwenye bomba, wageni wapite."

"Afande, kanuni..."

"Kanuni imesimama mbele yako imevaa kofia. Nikuombe leseni?"

Lohani naye alijua leseni iko wapi. Ndiyo maana aliuliza.

Basi akatia gia ya nyuma. Utingo hana. Kioo cha kushoto kimekunjwa, cha kulia kinaonyesha ukuta. Akatoa kichwa dirishani, akaita, "Nani yuko nyuma?"

Makofi mawili yakamjibu. Pa, pa. Njoo.

Akaachia breki kidogo. Maji yalisogea tumboni mwa boza kama ng'ombe anayegeuka zizini, na usukani ukawa mwepesi mikononi. Akakanyaga. Pa, pa, ikasema bati. Njoo. Akaja. Safari hii, nyuma ya makofi, alisikia kitu kingine, chembamba, kama vijiko vinavyogongana. Bangili. Akaujua mkono. Moyo wake ukatulia, kwa kweli ukatulia, kwa sababu ni nani mwingine angempigia vizuri zaidi? Mwanamke huyo ameufagia mtaro ule tangu aletwe bibi harusi. Anaujua jiwe kwa jiwe.

Pa, pa.

Akaja kwa mkono ule kama mtu anayerudi kukaa kwenye kiti chake mwenyewe. Tairi la nyuma likakosa ardhi.

Boza lilikaa mtaroni kwa kishindo kilichoangusha sufuria za Mzee Dhani Ram, likalala ubavu ukutani. Waya wa mfuniko ukakatika. Maji yakaruka juu, yakapiga mawe, yakateremka kichochoroni mapana na ya baridi, na kwa muda mfupi hapakuwa na sauti nyingine. Kisha madumu yakaanza kugongana. Wanawake walikuwa wamekwisha fika. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyeuliza kumetokea nini. Masufuria, ndoo, beseni la kufulia, hata kofia ngumu ya mwenye pikipiki.

Tundu la juu lilipoacha kumwaga, nusu ya mzigo ilikuwa bado ndani, na boza limeziba njia. Honi zilikuwa sasa zinalia mpaka stendi. Lohani akajaribu kulisukuma kwa bega, akalowa, akatukana.

"Lifunguliwe lote," akasema. "Liwe jepesi, linyanyuliwe. Vunjeni kufuli."

"Kufuli la hoteli hilo, afande," Khim Singh akasema.

"Vunja."

Mzee Dhani Ram alilivunja kwa pigo moja, akarudi kukaa. Watoto wa gari jeupe wakasimama kwenye viti, wakapiga picha za simu wanawake waliokuwa wakikinga maji magotini.

Khim Singh alimkuta Saruli nyuma ya boza, amejaza madumu yote ya nyumbani, anafunga kifuniko cha mwisho. Bangili moja ilikuwa imevunjika na kifundo cha mkono kilikuwa na mkwaruzo wa damu.

"Ulipiga mara mbili," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nilipiga mara mbili."

"Mtaro uliuona."

"Niliuona."

"Mama Hema, unajua umenifanya nini?"

Akanyanyua dumu, akaliweka kiunoni. "Njoo kwanza unuse chumba cha mwanao, halafu unifokee." Akaingia ndani.

Vijana wa teksi walilinyanyua boza tupu, wakalisogeza mpaka likabana upande mmoja. Gari jeupe likapita kwa kujikunyata, likashuka zake. Kijana wa miwani alitoa mkono dirishani, si kwa kuaga, bali kugusa kama rangi imekwaruzika.

Jua lilikuwa limesogea utosini Bwana Sah alipofika kwa miguu, na mkongojo wake wenye kichwa cha fedha. Alilizunguka boza. Akapitisha kidole kwenye ubavu uliobonyea, akakitazama kidole.

"Hoteli imeniambia nisilete tena. Wamechukua boza la mwingine," akasema kwa upole ule ule. "Khim Singh, wewe hujawahi kuniangushia gari. Ulirudi mwenyewe au ulipigiwa?"

Khim Singh akapangusa tope kwenye kiatu chake.

"Nimesikia ulipigiwa. Watu wa teksi wamesikia makofi. Mtu alikuita mtaroni makusudi. Hiyo ni jinai, siyo, Lohani?"

"Ni jinai, Bwana Sah."

Bwana Sah akatia mkono kizibaoni, akatoa leseni. Picha ya Khim Singh humo ilikuwa ya kijana mwenye masharubu meusi. "Hii hapa. Nitajie jina, uichukue, kesho uingie kazini. Huyo mtu atakwenda na Lohani kituoni. Na maji haya," akaonyesha kwa mkongojo mstari wa madumu yaliyojaa, "ambayo ni yangu, nitawaachia hawa mama zetu. Unaona sina ubaya. Jina tu."

Wanawake wote walikuwa pale. Wote walikuwa wameuona mkono. Bi Madhuli, ambaye hakuna siri ya ndoa ya mtu isiyopitia kinywani mwake, alikuwa amekalia dumu lake na kuminya midomo kama anayeshikilia pini.

Saruli akatokea mlangoni, mikono imejaa shuka zilizokamuliwa. Aliiona leseni, akamwona askari. Akafungua kinywa. "Baba Hema..."

"Ingia ndani," Khim Singh akasema. "Mtoto analia."

Mtoto hakuwa analia. Saruli alisimama, maji ya shuka yanamdondoka miguuni, kisha akaingia.

"Mkono ulikuwa wangu," Khim Singh akamwambia tajiri wake. "Nilijipigia mwenyewe."

"Umekaa kwenye usukani ukajipigia mgongoni?"

"Wewe si ulisema miguu miwili inatosha, Bwana Sah. Nikaona na mikono itatosha."

Mtu mmoja wa teksi akakohoa ili asicheke. Bwana Sah akairudisha leseni mfukoni, akakifunga kizibao kifungo kwa kifungo. Kisha akamwambia Lohani, kana kwamba anamwagiza chai, "Mwaga."

Lohani alianza mwanzo wa mstari. Alikuwa anayalaza madumu kwa mguu, kifuniko kikiwa kimefungwa anainama anakifungua, na hilo lilimkera, kwa hiyo yaliyofuata yalipata teke zaidi. Maji yakaingia mtaroni, yakashuka na maganda ya vitunguu kuelekea kule kule mtoni yalikotoka. Alipofika kwa Bi Madhuli, akamwambia ainuke. Bi Madhuli akainuka. Angeweza kusema neno moja tu, jina la herufi chache, na dumu lake libaki wima. Alilitazama likilala, likibweua, likiisha.

"Sasa viatu vyako ni safi, afande," akasema. "Mama yako atafurahi."

Hakuna mwingine aliyesema kitu. Mpaka dumu la mwisho.

"Na ndani ya nyumba?" Lohani akauliza.

"Ndani mna mzazi," akasema Mzee Dhani Ram bila kuacha nyundo. "Ukitaka maji yale, yako kwenye nywele zake. Kamua."

Lohani hakuingia.

Bwana Sah aligeukia vijana wa teksi, akauliza nani ana muhuri wa milimani. Alikuwepo mmoja, Nazim, aliyekuwa akinywa chai na Khim Singh stendi kila asubuhi. Akainamisha kichwa. Ana watoto, teksi si yake, na kazi ya boza haitoki kila siku.

"Kaka Khim," akasema polepole. "Usinichukie."

"Panda," Khim Singh akamjibu. "Klachi yake inashika juu. Ikanyage mpaka chini kabisa."

Boza lilipaswa kurudi mpaka penye bomba ili ligeuze. Nazim akatia gia ya nyuma, akatoa kichwa nje, akaita kama wanavyoita wote. "Nani yuko nyuma?"

Kichochoro kizima kilikuwa nyuma. Wanawake walikuwa wameyageuza madumu matupu na kuyakalia, mikono mapajani. Muuza mboga alikuwa anachambua giligilani. Mzee Dhani Ram aliendelea kufua, tik, tik, tik.

"Nipigieni jamani. Sioni kitu."

Boza likarudi shubiri moja, likasimama. Shubiri nyingine. Magari ya kupanda na ya kushuka yalikuwa yameshabanana pande zote mbili, na honi zilikuwa zimeungana kuwa mlio mmoja usio na mwanzo. Bwana Sah mwenyewe akaenda nyuma, akanyanyua mkongojo wa kichwa cha fedha, akagonga bati mara moja, akaona halisogei, akagonga mara tatu, mara tano. Nazim hakujua ni lugha gani ile.

Juu ya paa, kasisi alikuwa amemtoa mtoto. Hema alisimama kando yake, nywele zinachuruzika, macho yamefinyika kwa mwanga aliokuwa ameusahau. Kasisi akamwinua mtoto kuelekea jua, akainama kumnong'oneza jina sikioni, lakini honi zilikuwa kali mno. Ikabidi alirudie, na kulirudia, na mwisho alipige kelele, mtoto akashtuka, akalia kweli.

Khim Singh alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, jiwe la boza liko miguuni pake. Alikuwa amelitoa garini kwa mazoea. Boza lilisogea mbele yake, karibu kiasi cha kuligusa, kioo cha pembeni kimechomoza, kinaielekea nguzo ya mawe. Aliona sura ya Nazim dirishani, ina jasho, inamtazama. Kiganja chake kikanyanyuka chenyewe kutoka gotini, kama kilivyonyanyuka maisha yake yote.

Akakiteremsha. Akakikalia.

Kioo kikavunjika polepole, kwanza ufa, kisha vipande, ambavyo Nazim atavilipa.